Shampeni ya maua ya elda: imelala, imeota ukungu au imelipuka

Mwishoni mwa Mei vichaka vya elda (Waingereza huuita elder) hufunikwa na vishada vyeupe kando ya reli, mitaro na njia za miguu kote Uingereza. Wiki mbili baadaye simu yangu hujaa picha: ndoo iliyoota manyoya, chupa ya plastiki iliyovimba kitako hata haisimami, kabati la jikoni linalotiririka na sakafu iliyojaa vioo. Wanaozituma ni ndugu na marafiki, Waswahili waliohamia huku kama mimi, wakaonjeshwa na jirani mzee bilauri moja ya "shampeni ya maua" na kuona si kazi ngumu. Kweli si ngumu. Ila inapoharibika huharibika kwa namna nyingi, na nyingi kati ya hizo mzizi wake ni sukari.

Mapishi yanayozunguka mitaani ni haya, na tofauti zake ni ndogo: maji lita 4.5, sukari gramu 700, malimau mawili, vijiko viwili vya siki nyeupe ya mvinyo, vishada sita hadi kumi vya maua. Unaloweka saa 24 hadi 48, unachuja, unatia chupani, unangoja wiki mbili. Hamira haitajwi, kwa sababu hamira ya porini imo tayari kwenye maua. Aliyekulia pwani haoni ajabu, maana tembo la mnazi nalo halitiwi hamira na mtu. Linaanza kuchacha lingali juu ya mti.

Sasa piga hesabu. Gramu 700 katika ujazo huo ni kama gramu 140 kwa kila lita. Kila gramu 4 za sukari zikichacha ndani ya lita moja iliyofungwa hutoa gesi ya kutosha kuongeza presha ya takriban angahewa 1, yaani sawa na uzito wa hewa yote inayotukandamiza hapa chini. Shampeni yenyewe ya Ufaransa hutiwa gramu kama 24 kwa lita kabla ya kufungwa, ikafika angahewa 6, zaidi ya mara mbili ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Wewe umefunga gramu 140. Zikichacha zote ni angahewa 35, na hakuna chupa ya jikoni inayozaliwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo mtu akiniletea tatizo, kabla ya kuuliza harufu au rangi huuliza sukari yake iko wapi muda huu. Jibu hulipati kwa kuonja tu. Nunua haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kinywaji ukilinganishwa na maji, ambayo husoma 1.000; bei yake ni pauni chache. Mwanzoni itasoma kama 1.050 hadi 1.055. Ikifika 1.000 au chini ya hapo, sukari imekwisha.

Siku ya nne, ndoo imetulia kama maji ya mtungi

Hakuna povu wala mchemko, na ukitega sikio husikii ule msisimko mdogo wa gesi. Sukari yote ipo, ila mlaji wake, yaani hamira, hajaamka au amekufa.

Anayeua mara nyingi ni wewe mwenyewe, kwa birika. Sukari huyeyuka vizuri kwenye maji moto, basi mtu anayamimina yakitokota juu ya maua. Hamira haivumilii joto hilo, na nusu ya manukato hupaa na mvuke. Yeyusha sukari kwa lita moja ya maji moto, ongeza yaliyobaki yakiwa baridi, ngoja mpaka ndoo iwe vuguvugu kiasi cha maji ya kumwogeshea mtoto, ndipo maua yaingie.

Wa pili ni usafi uliopitiliza. Tumelelewa kuosha kila kinachotoka shambani, lakini ua la elda ukiliosha umeosha chavua, na chavua ndiyo yenye ladha na hamira. Kung'uta wadudu, basi. Kwa sababu hiyohiyo usichume baada ya mvua. Chuma asubuhi ya jua, umande ukishakauka, vishada vilivyofunguka karibuni, bado vina vumbi la njano.

Wengine hutumia vidonge vya salfaiti kusafishia ndoo, kisha hawasuuzi. Dawa iliyowekwa kuua vijidudu haichagui, na hamira ya porini ndiyo ya kwanza kuanguka.

Kama hukufanya lolote kati ya hayo, laumu baridi. Kule Kilifi, kwenye nyuzi 30, tembo la asubuhi ni tamu na la jioni ni kali. Jiko la Uingereza mwezi wa Juni usiku laweza kushuka hadi nyuzi 14, na hamira ya porini kwa nyuzi hizo husinzia. Isogeze ndoo penye nyuzi 18 hadi 22, koroga mara mbili kwa siku, ipe siku mbili zaidi.

Ikishindikana, tia hamira ya dukani, ile ya shampeni. Pakiti ya gramu 5 ni nyingi kwa lita tano, robo yake yatosha. Wapo wanaoona huko ni kusaliti asili. Mimi siku hizi naitia tangu mwanzo, kwa sababu hamira ya porini ni bahati nasibu: mwaka mmoja inakupa ladha ambayo hutaisahau, mwaka unaofuata inakupa maji ya sukari yaliyooza. Hamira ya mkate nayo itachachusha, ila kinywaji kitanuka mkate.

Chupa imelipuka, au unahofia italipuka

Hapa nitakaa, kwa sababu tatizo hili pekee ndilo linaloweza kukupeleka hospitali.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua chupa sita nzuri za kioo, za pembe nne, zenye kizibo cha waya na mpira. Nilizijaza siku ya tatu, povu lilipokuwa limeshika kasi, nikazipanga chini ya ngazi. Usiku wa tisa saa nane tulisikia mlio kama mlango uliobamizwa, kisha wa pili. Asubuhi nilikuta vipande vya kioo vimejichomeka kwenye mbao za ngazi. Chupa zile ziliuzwa kwa ajili ya mafuta na mapambo, na waya ule ulinidanganya. Nilidhani kila chenye waya ni cha shampeni.

Kioo chenye pembe huvunjikia penye pembe, kwa hiyo chupa za mraba hazifai kabisa. Mitungi ya jemu vilevile. Chupa ya mvinyo wa kawaida haikutengenezwa kubeba gesi hata kama kizibo kimeshika, na ikikosa kupasuka itakitema. Chupa ya bia hubeba kiasi cha bia, basi, nayo ni kama nusu ya shampeni. Chupa ya shampeni tupu huzidi gramu 800 kwa uzito, na uzito huo ni unene wa kioo. Omba majirani wakuhifadhie baada ya sherehe zao. Kama ina mkwaruzo mkubwa au imemeguka mdomoni, itupe.

Kwa anayeanza nasema plastiki. Chupa ya soda ya lita mbili imetengenezwa kwa gesi, na ina faida ambayo kioo hakina: inasema. Ibonye kila siku. Ikibonyea kwa urahisi, bado. Ikiwa ngumu kama mpira uliojazwa vizuri, imeiva, iweke kwenye friji. Ikiwa kama jiwe na kitako kimetokeza, legeza mfuniko taratibu mpaka usikie *sss*, uufunge, urudie jioni. Usiufungue wote kwa mkupuo.

Kama tayari una chupa za kioo na umeanza kuogopa, usizibebe kwa mikono mitupu. Vaa miwani ya kinga, glavu nene na koti la mikono mirefu, na watoto wawe chumba kingine. Usiitikise wala kuigonga chupa. Funika na taulo zito, uifungulie ndani ya taulo, ukielekeza mdomo mbali na uso. Baridi husaidia: gesi huingia zaidi kwenye kimiminika na hamira hupunguza kasi. Lakini baridi huilaza tu hamira, haiiui. Chupa iliyotulia mwezi mzima kwenye friji ikitolewa na kusahauliwa juu ya meza mchana wa joto huanza upya ilipoachia.

Njia ninayoifuata sasa huondoa kamari yote. Naacha mvinyo uendelee kuchacha kwenye ndoo, kisha kwenye mtungi wenye kizibo cha kupumulia, kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, mpaka haidromita isome 1.000 au chini na isibadilike kwa siku tatu. Hapo kileo kimefika kama asilimia 8. Ndipo napima sukari mpya, gramu 12 kwa lita, ambazo zitaleta angahewa 3. Kwa chupa ya mililita 750 ni gramu 9, vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa na chembe kidogo. Nafunga, naziweka penye joto la chumba wiki tatu, halafu mahali pa baridi. Kasoro yake ni kwamba mchacho mrefu hupeperusha manukato. Dawa ni kuloweka vishada vitatu vipya kwa siku moja kabla ya kutia chupani, ikiwa msimu bado upo.

Wale wanaoipenda ya wiki mbili, tamu na nyepesi, waendelee, ila iwe kwenye plastiki, kwenye friji, na inywewe ndani ya wiki chache. Na msiseme "si pombe, ni maua tu". Nimeona ikimiminiwa watoto kwenye sherehe ya mtaa kwa maneno hayohayo. Kwa nyumba isiyotumia kileo maua hayahaya hutengeneza sharubati tamu sana, yenye sukari nyingi na asidi ya sitriki, ya kuchanganya na maji ya gesi. Iwe kwenye friji nayo, maana sharubati iliyochanganywa na maji ikasahauliwa kabatini hujigeuza yenyewe.

Imefunguliwa, kimya

Hakuna povu. Watu huongeza sukari papo hapo, na wiki mbili baadaye wananiandikia kuhusu sura iliyotangulia. Pima kwanza.

Haidromita ikisoma 1.030, sukari ipo na mlaji amesinzia. Ipashe joto la chumba, igeuze chupa taratibu ili mashapo yachanganyike, ngoja. Ikisoma chini ya 1.000, sukari iliisha kabla hujafunga. Hapo ndipo gramu 9 kwa chupa zinahusika. Ikiwa umeshafanya hivyo na bado ni maji, angalia kizibo. Mpira wa kizibo cha waya hukakamaa ukizeeka na gesi hutoroka polepole bila sauti. Tumbukiza shingo ya chupa kwenye bakuli la maji na utazame kama vinatoka viputo.

Inafoka mpaka darini

Hii si sawa na mlipuko, ingawa zinatoka ukoo mmoja. Unafungua, nusu ya chupa inapanda ukutani, na kilichobaki kina matope. Presha ni kubwa mno, au chupa ilikuwa na joto, au mashapo yametimuliwa, kwa maana kila chembe ya tope ni mahali pa kiputo kuanzia. Isimamishe wima kwenye friji siku nzima, na siku mbili ni bora zaidi. Ifungulie juu ya sinki, na uwe na jagi kubwa mkononi. Mimina yote kwenye jagi kwa mkono mmoja usiotetereka. Ukiirudisha wima kati ya bilauri na bilauri, mashapo hupanda.

Usikubali kuifungua mbele ya wageni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtengeneza shampeni akisifiwa hufungua ya pili bila kuipoza.

Harufu

Mkojo wa paka ndiyo lalamiko la kwanza. Elda ina harufu hiyo kwa mbali hata ikiwa nzima, lakini ikitawala ni kwamba vishada vilikuwa vimezeeka, rangi imeanza kuwa ya udongo, au vimekaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gari. Maua yaliyokaa mfukoni nusu siku hupata joto na kuanza kuoza. Nusa kila kishada kabla ya kukikata. Mti usiokupendeza puani uache, nenda wa pili, kwani hazifanani. Harufu hii ikishaingia haitoki.

Yai viza ni jambo jingine. Hamira imekosa chakula. Sukari ni nishati tu, na hamira inataka pia naitrojeni, ambayo maji ya maua hayana nyingi. Tia chakula cha hamira kinachouzwa kwenye maduka ya watengeneza mvinyo, au chemsha kijiko cha hamira ya mkate dakika kumi ife kabisa, uimimine. Walio hai watakula waliokufa. Koroga kwa nguvu siku za mwanzo, harufu hupotea mara nyingi yenyewe.

Siki kali puani na kooni ni hewa. Bakteria wa siki hugeuza kileo kuwa siki wakipata oksijeni, na inzi wadogo wa matunda huwabeba miguuni. Funika ndoo kwa kitambaa kilichofumwa kwa karibu, kifungwe kwa mpira, na mtungi usiachwe nusu tupu. Ikishakuwa siki kamili haina marejeo, lakini si hasara. Iache wazi chini ya kitambaa mwezi zaidi uitie kwenye kachumbari.

Uchungu wa majani mabichi hutoka kwenye vikonyo. Kata maua kwa mkasi karibu kabisa na ua. Majani, magome na vikonyo vya elda vina viambata vinavyotoa sayanidi, kwa hiyo hili si la ladha peke yake.

Na kama ulichochuma kilikuwa na harufu ya panya, simama hapo. Hemloki, mmea wenye sumu inayoua, nao una maua meupe ya mwavuli na huota kwenye mitaro ileile. Ni mmea wenye shina laini la kijani lenye madoa ya zambarau, na majani yake yamechanikachanika kama ya karoti. Elda ni kichaka cha mti, chenye gome, na majani yake ni vipande vitano au saba kwenye kikonyo kimoja. Ukiwa na shaka yoyote, mwaga ndoo nzima. Hapo hakuna cha kurekebisha.

Juu ya ndoo kuna kitu

Povu jeupe lenye viputo ndilo unalolitaka. Utando mwembamba mweupe, mkavu, uliokunjamana kama maziwa yaliyopoa, ni hamira ya juu inayopenda hewa. Uondoe, chuja, funga mtungi, kinywaji mara nyingi kimepona. Manyoya ya kijani, meusi au ya buluu ni ukungu, nao una mizizi usiyoiona. Mwaga. Chanzo chake karibu kila mara ni maua yaliyoelea yakakauka juu bila kuzamishwa. Koroga asubuhi na jioni, na usiloweke zaidi ya saa 48.

Inavutika kama mlenda

Unamimina na inashuka kama mlenda, bila sauti, bila harufu mbaya. Ni kazi ya bakteria wanaotengeneza asidi ya maziwa. Haitakudhuru, ila hakuna anayetaka kuinywa. Ipige kwa mwiko mpaka uzi ukatike, tia kidonge kimoja cha salfaiti kwa lita 4.5, ngoja wiki, ichuje. Vyombo, mipira ya kupitishia kinywaji na ndoo vichemshwe au vipakwe dawa, vinginevyo vitaambukiza mwaka ujao.

Rangi

Waridi hafifu: ulichuma kwenye elda ya bustani yenye majani meusi, ambayo maua yake ni ya waridi. Furahi. Weupe kama wa maziwa usiotulia ni hamira ambayo bado haijazama, au chavua. Mahali pa baridi kwa wiki mbili hutosha, na hata ikikataa hainywewi kwa macho.

Unataka kuiuza

Si ugonjwa, lakini naulizwa sana. Kwa sheria ya wizi ya mwaka 1968, England na Wales, kuchuma maua ya porini kwa matumizi yako si kosa, ila kuchuma kwa ajili ya biashara ni habari nyingine. Kutengeneza mvinyo wa kunywa nyumbani hakulipiwi ushuru, kuuza hata chupa moja kunahitaji leseni. Na hata ukiipata, usiandike "shampeni" kwenye lebo. Mwaka 1993 watengenezaji wa shampeni wa Taittinger walishinda rufaa hapa Uingereza dhidi ya kinywaji cha elda, kisicho hata na kileo, kilichokuwa kikiuzwa kwa jina hilo. Jirani yangu mzee bado anaita shampeni. Hauzi.

Imekauka mno, haina utamu hata chembe

Sukari imeliwa yote, ndivyo ilivyopaswa. Usiongeze sukari kwenye chupa na kuifunga tena. Tia kijiko cha sharubati ya elda kwenye bilauri, kisha mimina juu yake.